Mama Aliyecheka Peke Yake

Dominika ya 27 ya Mwaka B
Masomo: Mwa 2:18-24, Ebr 2:9-11, Mk 10:2-16



Injili ya leo ina mambo mawili ambayo sisi wahubiri tumezoea kuyatenganisha. Kwanza Mafarisayo wanamwendea Yesu na swali la talaka, naye anawarudisha nyuma hadi mwanzo wa uumbaji, mahali ambapo mume na mke wanakuwa mwili mmoja. Kisha, mara tu baada ya mazungumzo hayo, watu wanamletea watoto wadogo ili awaguse. Wanafunzi wanawakemea wale waliowaleta, na Bwana anachukizwa. Padre mwenye haraka huhubiri habari ya ndoa na kuwaacha watoto, au huhubiri habari ya watoto na kuikwepa ndoa, hasa akiona kwamba mabenchi ya mbele yana watu waliotengana. Nami nimefanya hivyo mara nyingi. Leo nataka niyashike yote mawili kwa mkono mmoja, kwa sababu ya kisa kilichonipata miaka mingi iliyopita, nilipokuwa padre mpya upande wa Temeke. Ndani ya kisa hicho mna ndoa, mna kitabu cha watoto, na mna padre aliyetoa shauri baya. Wenye kisa waliniruhusu kukisimulia, mradi nisiwataje majina. Mume aliongeza sharti moja: niseme kwamba yeye ni fundi mzuri. Basi nasema: ni fundi mzuri.

Alikuwa seremala pale Keko, mahali ambapo jiji zima huenda kununua vitanda na makabati, na nyumba yake ilikuwa Mbagala. Jioni moja alikuja ofisini kwangu, vumbi la mbao lingali kwenye nywele, akakaa, akakataa maji, akasema: "Padre, nimekuja unisaidie. Mama watoto ameolewa na Abunuwasi."

Nakiri kwamba kwa dakika nzima nilidhani Abunuwasi ni jirani yake.

Kumbe alikuwa akisema juu ya kitabu. Mtoto wao wa darasa la nne alikuwa ameazima kwa mwenzake kitabu cha Hekaya za Abunuwasi, na mama yake akakishika, naye asikiachie tena. Nani kati yetu asiyemjua Abunuwasi? Ndiye yule aliyeazima sufuria kwa jirani akairudisha na sufuria ndogo ndani yake, akisema imezaa; na jirani, kwa tamaa, akakubali kwamba sufuria huzaa. Alipoiazima mara ya pili hakuirudisha, akasema imekufa, na jirani hakuwa na la kujibu, maana kinachozaa na kufa hufa. Jina hilo lilikuwa la mshairi wa kweli wa Baghdad, aliyeishi katika siku za Harun Rashid, zaidi ya miaka 1,200 iliyopita. Lakini huku pwani Abunuwasi amekuwa mtu wetu, mjanja wa kila mtaa, anayewashinda masultani na matajiri kwa maneno matupu. Baadhi ya makatekista wameniuliza kama inafaa Mkristo asome hadithi za namna hiyo. Mimi nilizisoma nikiwa mtoto, na zilinifundisha kuhusu tamaa mambo ambayo baadaye seminarini niliyakuta yamefafanuliwa kwa Kilatini. Edward Steere wa Kanisa la Anglikana, kabla hajawekwa kuwa askofu, aliketi na watu wa Unguja, akaandika ngano zao neno kwa neno, akazichapisha mjini London mwaka 1870. Hakuona kwamba Injili inapungukiwa kitu watu wakicheka.

Tumrudie fundi wetu. Malalamiko yake yalikuwa mengi, na mwanzoni niliyaona madogo. Mafuta ya taa yaliyokuwa yakitosha juma zima sasa yaliisha siku ya tatu. Maharage yaliungua mara mbili. Usiku mkewe aligeukia ukutani, chemli ikiwa sakafuni karibu na godoro, naye akacheka chinichini mpaka mabega yakatikisika, na alipoulizwa anacheka nini, alijibu tu: "Basi, kuna mambo humu." Fundi akanitazama akasema: "Padre, mtu akicheka na wewe hujui anachekea nini, utajuaje kwamba hakucheki wewe?"

Kisha akaniambia lile lililomtoa nyumbani. Mteja mmoja alikuwa amemchukulia kabati la siku 11 za kazi, akamlipa nusu ya mapatano na kumtukana juu yake. Fundi alipanda daladala jioni ile, amesimama njia nzima, akiyapanga moyoni maneno atakayomwambia mkewe. Alipofika, mkewe alikuwa mkekani na kitabu. Alisema karibu bila kuinua macho. Yule bwana alisimama mlangoni kwa muda, kisha akageuka. Usiku ule alilala Keko juu ya randa na maranda, na usiku uliofuata pia. "Na nikizoea kulala kule," alisema, "sijui kama nitarudi."

Ndugu zangu, hivi ndivyo talaka inavyoanza. Mafarisayo walimwuliza Bwana juu ya hati. Lakini hati ni karatasi inayoandikwa mwishoni, wakati watu wawili wamekwisha kuachana siku nyingi ndani ya chumba kimoja. Mwanzo wake ni mtu mmoja aliyesimama mlangoni na neno lake, na mwingine asiyeinua macho.

Basi nilifanya nini? Nilimwita yule mama. Nilikuwa na miaka michache ya upadre na maneno mengi. Nikamwambia kwamba mke ana wajibu wake, kwamba mafuta ya taa yana bei yake, na kwamba ni aibu mama mzima kung'ang'ania kitabu cha watoto. Hakubishana nami hata kidogo. Siku ya pili alikileta kitabu ofisini, amekifunga ndani ya kipande cha kanga, akakiweka mezani na kusema: "Padre, utamrudishia mwenyewe. Ni cha kuazimwa." Nikakitia katika mtoto wa meza. Nilijiona nimeokoa ndoa.

Majuma matatu baadaye fundi alirudi. Safari hii alikunywa maji. Akakaa kimya, kisha akasema: "Padre, hacheki tena." Akaeleza kwamba chakula kiko tayari saa moja, taa inazimwa mapema, mkewe anamtazama anaposema na kuitikia kila neno, na nyumba imekuwa kama ina msiba. Aliyataka hayo yote na amepewa yote, naye hayataki. "Mimi sikutaka aache kucheka," alisema. "Sikujua tu nilitaka nini."

Nimekwisha kuwaambia kwamba katika Injili ya leo wanafunzi wanawakemea waliowaleta watoto. Miaka yote nilikuwa nikiwashangaa wanafunzi wale. Siku ile nilijitambua kuwa mmoja wao. Wao nao walidhani wanalinda kazi ya maana dhidi ya mambo ya kitoto.

Nilikwenda Mbagala. Mama alinikaribisha kiti, akaketi kwenye kigoda akichambua mchele, nami nikamwomba radhi kwanza, jambo lililomstusha zaidi ya karipio. Kisha nikamwuliza kitabu kile kilikuwa na nini. Akaniambia kwamba yeye aliacha shule akiwa darasa la nne, mama yake alipofariki, ili awalee wadogo zake. Alijua kusoma, lakini kwa kidole, neno moja moja, na katika maisha yake yote hakuwahi kukimaliza kitabu hata kimoja. Hiki alikuwa karibu kukimaliza. "Kila hadithi nilikuwa naisoma mara tatu," alisema. "Ya kwanza nipate maneno. Ya pili nielewe. Ya tatu nicheke."

Nikamwuliza kwa nini basi hakumsomea mumewe. Akasimamisha mikono juu ya ungo. Akasema kwa sauti ndogo: "Padre, yeye hajui kusoma. Anajua namba tu, za futi. Kanisani anashika kitabu cha nyimbo na kuchezesha midomo. Nililijua hilo tangu juma la kwanza la ndoa yetu, na sijamwambia kwamba najua. Nikimsomea, ataona namwonyesha."

Mnaona, wapendwa. Yule mume alikuwa akiteseka kwa sababu mkewe ameingia mahali ambapo yeye hawezi kumfuata, na aibu ikamzuia asiseme hivyo. Akasema mafuta ya taa. Na mke alikuwa akijificha ukutani na furaha yake ili asimwaibishe mumewe. Kila mmoja alikuwa akimtunza mwenzake kwa kunyamaza, na kwa kunyamaza huko walikuwa karibu kupotezana. Nimekaa na watu wa ndoa kwa miaka mingi sasa, na nimeona ugomvi wa pombe, wa fedha, wa wakwe na wa wivu. Lakini ule unaonisumbua zaidi ni huu, ambao ukiuchunguza hadi chini hukuti ubaya, unakuta upendo uliokosa mlango.

Mtakatifu Teresa wa Avila, katika kitabu alichoandika juu ya maisha yake mwenyewe, ameacha habari inayofanana na hii kiasi cha kushangaza. Alizaliwa Hispania mwaka 1515. Baba yake alipenda vitabu vyema vya dini. Mama yake, Beatriz, alipenda vitabu vilivyokuwa vimeenea siku zile, hadithi za mashujaa wapanda farasi na majoka, na baba hakuvipenda kabisa. Hivyo mama na watoto walivisoma kwa kujificha ili baba asiwaone. Teresa anasema kwamba huenda mama yake alisoma ili asiyafikirie mateso makubwa aliyokuwa nayo. Mama huyo aliolewa akiwa binti mdogo, akazaa watoto wengi, akaishi na maradhi, akafariki akiwa na umri wa miaka 33 hivi. Mtakatifu hamhukumu mama yake. Anasema hakuacha kazi zake kwa sababu ya kusoma. Lakini anajihukumu yeye mwenyewe, kwamba alipoteza saa nyingi za mchana na za usiku kwa vitabu vilevile. Kitabu kimoja, nyumba moja, na mizani miwili. Ndiyo maana siwezi kuwapa kanuni ya saa ngapi mtu asome. Huyu anapumzika, yule anakimbia, na kwa macho wote wawili wameinamia karatasi.

Yako makimbilio pia, tusidanganyane. Yuko mtu anayefungua kitabu ili asimwone mgonjwa aliye kitandani, au asiulizwe juu ya fedha. Hata kitabu kitakatifu hutumika hivyo. Mimi mwenyewe nimewahi kuinua Breviari juu kidogo nilipomwona kwa mbali mgeni nisiyetaka kuzungumza naye, na Mungu aliyekuwa akisifiwa kwa zaburi ile anajua ilikuwa sala ya namna gani. Ninyi mnaosoma, na leo ninyi mnaotazama simu mkitandani, mnajua ndani yenu kama mmekwenda kupumzika au mmekwenda kujificha. Na kama mwenzako amesimama mlangoni, dalili yake haifichiki: kivuli chake kinaangukia ukurasa.

Wala si jambo la hapa kwetu tu. Vitabu vya Harry Potter, vilivyoanza kutoka Uingereza mwaka 1997, viliandikwa kwa ajili ya watoto, lakini watu wazima waliving'ang'ania kiasi kwamba mwaka 1998 mchapishaji alitoa kitabu kile cha kwanza chenye jalada jingine, la watu wazima. Maneno ya ndani yalikuwa yale yale. Kilichobadilika kilikuwa cha kufunika haya.

Turudi kwenye haya ya fundi wetu, kwa maana ni nzito kuliko hiyo. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba theluthi mbili hivi ya watu wazima wa nchi hii hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. (Mwaka huo huo Papa Paulo wa Sita alimtangaza Teresa kuwa Mwalimu wa Kanisa, mwanamke wa kwanza kupewa jina hilo, nimependa daima kuiona miaka hiyo miwili ikikutana.) Watu walikaa chini ya miembe na vibao vyao, wazee kwa vijana, na upimaji wa mwaka 1986 ulionyesha kwamba tisa kati ya kumi wanajua. Ilikuwa kazi kubwa, na tulijivunia kwa haki. Lakini angalieni lililompata yule wa kumi. Wakati wengi hawajui, kutojua hakukuwa aibu. Mtu aliwekea barua alama ya kidole gumba na kuendelea na safari yake. Wengi walipojua, yule wa kumi alijifunza kuficha. Alijifunza kusema amesahau miwani. Alijifunza kuchezesha midomo. Katika Injili ya Luka yuko mwanamke mwenye shilingi kumi aliyepotewa na moja, naye akawasha taa akafagia nyumba nzima kuitafuta. Mama wa Mbagala alikuwa amewasha taa kila usiku, na shilingi iliyopotea ilikuwa imelala nyuma ya mgongo wake.

Tukitafuta katika Maandiko jinsi ya kumkaribia mtu anayesoma, tunayo sura ya nane ya Matendo ya Mitume. Mwethiopia yule, mwenye mamlaka juu ya hazina ya malkia wake, ameketi garini akirudi kwao, anamsoma nabii Isaya. Filipo anaikimbilia gari, anamsikia, anamwuliza kama anaelewa. Na yule bwana mkubwa, bila kuona aibu, anakiri kwamba hawezi pasipo mtu wa kumwongoza. Kisha anamwomba Filipo apande aketi pamoja naye. Hapo ndipo ninapopapenda. Filipo hakumnyang'anya chuo kile. Hakumwambia ashuke chini wazungumze mambo ya maana. Alikimbia kando ya gari kwa muda, jambo la kuchosha na la kuchekesha ukilitazama, mpaka akaalikwa. Na mwenye kitabu naye alisogea, akampa nafasi. Pasipo kukimbia kwa mmoja na kusogea kwa mwingine, gari lingepita.

Ninyi waume na wake mnaonisikiliza, pengine mkiwa mmeketi pamoja na pengine kila mtu chumba chake, jiulizeni leo ni lini mlimwuliza mwenzenu kwa haja ya kujua, si kwa kumshitaki: "Umefika wapi? Amefanya nini tena huyo?" Swali la "unacheka nini" lina sauti mbili. Fundi aliliuliza kwa sauti ya askari.

Niliporudi Mbagala nilikuwa na kitabu mkononi, kingali ndani ya kanga, na mwenye kitabu, yule mtoto wa shule, alikuwa amekubali kikae siku nyingine. Sikutoa shauri lolote. Nilikuwa nimekwisha kujifunza thamani ya mashauri yangu. Ni mama aliyepata njia, na aliipata kwa watoto. Jioni ile ile aliwaita wote watatu mkekani akasema atawasomea, wao, watoto. Na akasoma kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kidole juu ya mstari, akikwama na kuanza tena. Mume alikuwa pembeni ameinamia kigoda kilicholegea mguu. Hakuna aliyemsomea yeye, wala hakuna aliyemfukuza. Alikigonga kigoda kile mara moja moja, kisha akaacha kugonga.

Hadithi ilikuwa ya sultani aliyemwamuru Abunuwasi amjengee nyumba hewani. Mnaijua. Abunuwasi alitengeneza tiara kubwa, akaifunga kengele, akairusha juu. Na kengele zilipolia alimwambia sultani kwamba hao ni mafundi wako kazini, wapelekewe mawe na chokaa. Watoto walicheka. Mama naye, ambaye alikuwa ameisoma mara tatu, alicheka mpaka akashindwa kuendelea.

Fundi akaulizia kutoka pembeni, uso haujainuka: "Hebu rudia hapo kwenye mafundi."

Akarudia. Yule bwana akafikiri, akasema kwamba mawe hayawezi kupanda kwa uzi wa tiara, na kwamba mtu yeyote wa Keko angemwambia sultani hivyo siku ya kwanza. Mkewe akamjibu: "Subiri basi, baba watoto, ndilo hilo lenyewe linakuja," akasogea kidogo pembeni ya mkeka. Nikawaaga, maana giza lilikuwa limeingia na daladala za kurudi zilikuwa chache. Nilipofika barabarani nilisikia nyuma yangu wakicheka watu watano.

Tumsifu Yesu Kristo.